Kura za Walatino zinatafutwa mlangoni

Ndugu Mhariri,

Mchambuzi wenu wa siasa za Marekani amewatia Walatino wote, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kapu moja, kisha akatangaza kwamba kapu hilo limehamia kwa Donald Trump kwa kuwa chama cha Democratic kilibana matumizi kwenye matangazo ya Kihispania. Naomba nafasi nimpinge. Matangazo hayakukosekana. Kilichopungua sehemu nyingi ni watu wa kubisha hodi.

Kwanza hilo kapu lenyewe. Mwaka 2024 Walatino wenye sifa ya kupiga kura walikuwa takriban milioni 36. Humo yumo Mkuba wa Miami ambaye wazazi wake walimkimbia Fidel Castro, mtawala wa Kuba, yumo Mmeksiko wa Texas ambaye ukoo wake ulikuwepo kabla mpaka haujachorwa, na yumo mtu wa Puerto Rico anayeishi Philadelphia, ambaye angebaki kisiwani kwao asingekuwa na kura ya urais hata kama ni raia. Tangazo moja la redio litawaambia nini hawa wote?

Kazi ya kuwafikia ina historia, na mchambuzi wenu kaiacha. Mwaka 1947 Edward Roybal aligombea udiwani Los Angeles akashindwa. Badala ya kutawanyika, watu wake pamoja na mhamasishaji Fred Ross walijenga chama cha kiraia kilichoitwa Community Service Organization. Walikutana sebuleni kwa watu, jirani akiwaalika majirani zake, wakizungumzia lami, taa za barabarani na polisi. Uandikishaji wa wapiga kura ulitokana na mazungumzo hayo. Roybal akarudi mwaka 1949, akashinda. Miaka michache baadaye Ross alimkuta kijana mmoja katika mtaa wa Wameksiko huko San Jose, akamfundisha kazi hiyo hiyo ya sebuleni. Kijana huyo ni Cesar Chavez, aliyekuja kuongoza chama cha wafanyakazi wa mashambani.

Mfano wa karibu zaidi ni Las Vegas, katika jimbo la Nevada. Chama cha wafanyakazi wa mahoteli na kasino, Culinary Union, kina wanachama wapatao 60,000, na zaidi ya nusu yao ni Walatino: wasafisha vyumba, wapishi, wahudumu wa baa. Mkataba wao na waajiri unawaruhusu kuchukua likizo wakati wa uchaguzi, wakalipwa na chama chao kuzunguka nyumba kwa nyumba, kisha wakarudi kwenye ajira zao. Na hawasubiri kampeni. Mwanachama asiye raia husaidiwa kuomba uraia, akishaupata huandikishwa, na siku ya kura ikikaribia anayemgongea mlango ni mtu anayetandika vitanda kama yeye. Sisi tuliokulia na balozi wa nyumba kumi tunaijua nguvu ya mtu anayejua mlango upi una mgonjwa na upi una harusi.

Mwaka 2010 kura za maoni za mwishoni zilimwonyesha Seneta Harry Reid wa Democratic, wa Nevada hiyo hiyo, akielekea kushindwa na Sharron Angle wa Republican. (Angle alipata kuwaambia wanafunzi Walatino kwamba baadhi yao yeye anawaona kama watu wa Asia. Sijui nani alikuwa akimshauri.) Watu wa Culinary waligonga milango, na Reid akashinda kwa zaidi ya pointi tano. Mwaka 2020 ikawa zamu ya Bernie Sanders, aliyekuwa akiwania tiketi ya urais ya Democratic: alifungua ofisi mapema mashariki ya Las Vegas wanakoishi Walatino, akaajiri watu wao. Viongozi wa Culinary waliupiga vita mpango wake wa bima ya afya, lakini wanachama wengi walimpa kura katika vituo vilivyowekwa ndani ya mahoteli yenyewe.

Sasa tazama Starr, wilaya ya Texas iliyo kando ya mto Rio Grande, mpakani na Meksiko, ambayo karibu wakazi wake wote ni Walatino. Hillary Clinton wa Democratic aliichukua mwaka 2016 kwa tofauti ya pointi 60. Mwaka 2020 Democratic walisimamisha ziara za majumbani kwa sehemu kubwa ya kampeni kwa hofu ya korona, wenzao wa Republican wakaendelea. Mgombea wao, Joe Biden, akaichukua kwa tofauti ya pointi tano tu. Baadaye Republican wakafungua vituo vya jamii Laredo na McAllen, miji ya ukanda huo huo wa mpaka. Mwaka 2024 Trump aliibeba Starr, jambo ambalo mgombea wa Republican hakuwa amelifanya tangu 1892.

Sisemi hodi peke yake ndiyo iliyofanya hayo. Bei za vyakula zilipanda, na watu wengi wa bonde lile la Rio Grande wanaishi kwa ajira za mafuta na za ulinzi wa mpaka. Hata Nevada yenyewe, pamoja na miguu yote ya Culinary, ilimwendea Trump mwaka 2024. Lakini katika uchaguzi ule ule jimbo hilo lilimrudisha Jacky Rosen wa Democratic kwenye Seneti, maana yake wapo waliochagua jina kwa jina. Watu wa namna hiyo hawajahama chama kama mchambuzi wenu anavyodai. Wanasubiri kuulizwa tena.

Mtakaporudi kwenye mada hii, ombi langu ni dogo. Mtafuteni mhudumu mmoja wa hoteli aliyewahi kuchukua likizo hiyo ya uchaguzi, mumuulize watu humjibu nini akibisha. Washauri wa Washington tumewasoma vya kutosha.

Msomaji wenu,
Arusha