Risala ya Kikundi cha Kuokoa na Kutunza Punda kwa Mgeni Rasmi, Handeni, Mkoa wa Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Mwenyekiti wa Kijiji, Afisa Mtendaji, Afisa Mifugo wa Kata, viongozi wa dini, wazee wetu, walimu na wanafunzi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Assalamu alaikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mengi ukaja kukaa nasi chini ya mwembe huu. Tumearifiwa kuwa ratiba yako imebana, kwa hiyo ya nyuma tutayapitia haraka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza na wanachama saba na punda wawili waliotelekezwa gulioni. Leo tuko wanachama 34, tuna shamba la ekari sita tulilopewa na Serikali ya Kijiji, na tumekwisha kupokea punda 61. Hakuna anayelipwa mshahara. Tunathubutu kusema kuwa katika ukanda huu hakuna kikundi kilichofanya kazi kubwa kiasi hiki kwa mikono mitupu. Vijana wetu wanapunguza kwato, wanasafisha vidonda, na wamewafundisha akina mama wa vijiji jirani kushona tandiko la gunia lililojazwa sufi, badala ya kamba ya katani kukaa moja kwa moja kwenye mgongo wa mnyama.

Tunaishukuru pia Serikali. Mwaka 2021 ilisitisha uchinjaji wa punda, na machinjio ya Dodoma na Shinyanga yaliyokuwa yakichinja kwa ajili ya ngozi yakafungwa. Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika nao wakakubaliana kuizuia biashara hiyo ya ngozi kwa miaka 15. Punda hubeba mimba mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Kasi ile ingeendelea, leo hapa tungekuwa tunazungumzia mnyama wa kusimuliwa. Farasi hajawahi kutufaa, kwa kuwa mbung'o na maradhi yake hawamwachi aishi. Aliyebaki kuwa gari la mama wa kijijini ni punda, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda asifanyiwe ukatili. Kwa kisu amepona. Kwa mzigo bado.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, rasimu ya kwanza ya risala hii ilikuwa na changamoto tisa. Kamati ya maandalizi imefuta nane. Imebaki moja, nayo ni maji.

Tunaomba umtazame punda jike aliyefungwa pale kwenye mkwaju, mwenye baka jeupe mgongoni. Watoto wa shule walimpa jina la Subira. Alipoletwa kwetu, gunia la shogi, yaani mfuko wa mizigo wa mgongoni mwa punda, lilikuwa limegandana na nyama. Ilibidi tulilainishe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri ndipo likabanduka, na chini yake mfupa ulikuwa unaonekana. Alikuwa amebebeshwa madumu manne ya lita ishirini kila safari, kilo themanini, kiangazi kizima. Hatumlaumu mwenye punda. Naye alikuwa mama mwenye watoto watano na kisima kilicho mbali. Tulimwosha Subira kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni kwa miezi mitano, tukimpepea nzi, hadi ngozi ikafunga. Hilo baka jeupe ndilo kovu lenyewe.

Leo hii, Mheshimiwa, Subira anabeba maji. Anayabebea shamba hili.

Tunalisema hili kwa uchungu. Punda mmoja anahitaji kati ya lita kumi na ishirini na tano kwa siku, kutegemea joto, na maji machafu hayanywi hata akiwa na kiu. Hivi sasa tunao punda 19. Ukijumlisha maji ya kuosha vidonda na vyombo, tunatumia madumu 25 kwa siku, na kisima kiko kilomita tatu. Tumejiwekea kanuni kwamba punda wetu habebi zaidi ya madumu mawili. Waliopona vizuri ni watatu, kwa hiyo wanaleta madumu sita kwa safari moja. Wanakwenda na kurudi mara nne kila siku, na dumu linalopungua mwanachama analibeba kwa baiskeli. Punda tuliowaponya majeraha ya maji tunawarudisha katika njia ileile iliyowajeruhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe si wa kwanza kulisikia jambo hili, na hatutakuwa waungwana tukikuficha. Mgeni rasmi wa mwaka juzi, ambaye tunamheshimu sana, alisimama hapo uliposimama, akatuahidi bomba kabla ya vuli. Wataalamu walikuja, wakapima mita 2,800 kutoka bomba kuu la barabarani, wakapigilia vigingi na kuvipaka rangi nyekundu. Tukaambiwa tuchimbe mtaro ili mabomba yakifika yasikute kazi imelala. Tulichimba mita 900 kwa majembe yetu, wazee wakiwemo. Vuli ikaja, mabomba hayakuja, mtaro ukafukiwa na mvua. Tukauchimba tena. Masika nayo ikaufukia.

Mgeni wa mwaka jana alitupatia tangi jeusi la lita 5,000, na tunamshukuru kwa dhati. Lile pale, bado lina karatasi ya dukani. Banda letu ni la makuti, hatuna bati la kukingia mvua, na hatuna bomba la kulijaza.

Ombi letu ni hili: mabomba ya mita 2,800, dira ya maji, na mbauti moja, yaani birika la kunyweshea punda. Mtaro tutauchimba sisi kwa mara ya tatu. Mchanga na mawe tunavyo, na fundi ni mwanachama wetu. Ankara ya maji ya kila mwezi tutailipa wenyewe kutoka kwenye mauzo ya mbolea ya samadi.

Tuna ombi jingine dogo, na utuwie radhi kwa kulisema hadharani. Tumezoea ahadi za mdomo. Katibu wetu anayo hapa mezani daftari la wageni; katika ukurasa wako ametenga mstari wa jambo utakalotusaidia, mstari wa tarehe, na mstari wa jina la mtu tutakayemfuatilia ofisini. Hata kama uwezo uliopo ni wa mita mia tano tu, tuandikie hizo mia tano. Tutazipokea kwa mikono miwili na kuanza kufukia mabomba.

Chakula kimeandaliwa. Kabla ya kukaa, tunakuomba utembee nasi hadi kwenye kigingi cha kwanza. Ni mwendo wa dakika kumi, na Subira atakuwa anapita njia hiyo kwenda safari yake ya tatu.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi wanakikundi,
Imesomwa na Katibu kwa niaba ya Kamati ya Maandalizi.