Hofu ya mwambani isichekwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme jambo linaloniuma, maana hapa Moshi vijana wengi ndoto yao ni mlima na hili linawahusu wao kwanza.

Siku hizi wapo wanaopenda kupanda miamba kwa kamba. Wengine waliona Olimpiki ya Paris 2024 kwenye simu, yule Mmarekani Sam Watson anamaliza ukuta wa mita 15 kwa sekunde 4.74, wengine wamefika Nairobi wakajifunza kwenye ukuta wa ndani, wanarudi wako vizuri kabisa, halafu siku ya kwanza kwenye jiwe la kweli mguu unaanza kutetemeka wenyewe, vidole vinakaza mpaka vinakufa ganzi, kijana hapandi wala hashuki. Na huku chini wenzake wanaanza: "Panda we, mwanaume gani wewe!" Akiwa ni dada ndio kabisa, anaambiwa akae nyumbani. Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu huyo mtu hajakosea chochote, mwili wake umeona kitu ambacho ndani haukuwahi kukiona.

Ndani mishiko ni ya plastiki yenye rangi, unafuata rangi yako tu, boliti za kupitishia kamba zipo karibu karibu, chini kuna godoro, na mwenzako anayeshika kamba anakusikia ukinong'ona. Nje jiwe halina rangi, pa kushika unapatafuta mwenyewe, kamwamba kengine ukikavuta kanabaki mkononi, upepo ukivuma mwenzako hasikii, boliti inayofuata iko mbali, na ukiangalia chini unaona vilele vya miti. Sasa mtu asiogope kwa nini?

Kinachotakiwa ni afundishwe aijue hofu yake inasema nini, maana sio kila hofu ina sababu na sio kila utulivu ni salama. Wengi wanaogopa zaidi wakiwa juu kabisa, ila kwa anayetangulia na kamba sehemu mbaya mara nyingi ni kule chini, kabla hajapitisha kamba kwenye boliti mbili tatu za mwanzo, kwa sababu akiteleza pale anaweza kufika ardhini kabla kamba haijamdaka, au akapiga kijukwaa cha jiwe. Huko juu kama ukuta umenyooka na hauna kitu cha kugonga, kamba ikiwa nzima na anayekushikia kamba anajua kazi, kuanguka kunatisha sana lakini hatari ni ndogo zaidi. Kamba ya kupandia ni ya nailoni na imetengenezwa ivutike ili inywe ule mshtuko, sio kama katani ya kufungia mizigo. Kijana akielezwa hivi akaishika kamba mwenyewe anaanza kuiamini, lakini ukimwambia "usiogope" tu hujamsaidia kitu.

Tena hofu nyingine isikilizwe hapo hapo. Jiwe ukiligonga likalia kama chungu kitupu, liache. Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro pale juu, mita 5149, ni mfano mkubwa, mawe yake yamelegea na yanaporomoka, tangu wapandaji Oehler na Klute wafike kilele chake 1912 hakijawahi kuwa cha kuendea kienyeji. Na ukuta wa Barranco, huko huko Kilimanjaro, ambao wagumu wetu, yaani wapagazi, wanaupanda na mizigo kichwani, kule hakuna kamba kabisa na uko karibu mita 4000 juu ya bahari, hewa ni nyembamba, moyo unaenda mbio hata kabla mtu hajaogopa. Mgeni akiganda pale, mwongozaji ambaye hofu yake mwenyewe alizoea kuificha kwa kelele atamwambia nini? Yule aliyewahi kufundishwa kutulia atamsogelea, amwambie atoe pumzi ndefu, aangalie mguu wake uko wapi, ausogeze mmoja tu. Nimeona hii inafanya kazi, uso wa mtu unarudi rangi yake kabisa.

Kwa hiyo ombi langu. KINAPA, yaani hifadhi ya Kilimanjaro, tunayo, chuo cha wanyamapori cha Mweka kipo hapo juu tu, na makampuni ya kupandisha wageni yamejaa mjini. Kwenye mafunzo ya waongozaji wekeni muda wa mwamba wa kweli, mfupi, kamba ikiwa imefungwa juu, kijana akaguliwe fundo na mkanda na yeye amkague mwenzake, wakubaliane ishara za kuvuta kamba maana upepo utakula maneno, apande mpaka pale anapoanza kutetemeka, akae hapo apumue, ndio aamue. Akizoea, ajifunze na kuanguka kidogo kidogo, mwenye ujuzi akiwa ameshika kamba. Helmeti iwe kichwani hata kama jua ni kali.

Na mtu akisema "nishushe", ashushwe hapo hapo, asiulizwe kwa nini mbele za watu.

Mpanda miamba,
Moshi