Damu ya machinjio izuiwe kabla ya kufika mtaroni

Mhariri,

Machinjio yanapochafua mto, kinacholalamikiwa ni harufu na maji kugeuka mekundu. Wekundu hupotea baada ya mwendo mfupi na watu hudhani mto umejisafisha, kumbe madhara ndiyo kwanza yanaanza.

Bakteria wanaoozesha damu huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini, ileile wanayoitegemea samaki. Katika kipimo cha kawaida cha siku 5, lita moja ya damu hula gramu 150 hadi 200 za oksijeni. Maji safi ya mto yenye joto la nyuzi 25 yana takriban gramu 8 tu kwa kila mita ya ujazo, yaani miligramu 8 kwa lita. Ng'ombe mmoja hutoa damu lita 10 au zaidi, na hizo 10 pekee zinatosha kumaliza oksijeni ya karibu mita za ujazo 190.

Kazi hiyo ya bakteria huchukua muda, huku maji yakiendelea kushuka. Anayepima oksijeni hatua chache kutoka bomba linalomwaga majitaka mtoni, tena mchana, ataondoka na namba nzuri. Apime mbali zaidi chini ya mkondo, alfajiri, kwa sababu usiku mwani nao hutumia oksijeni bila kutengeneza nyingine. Ikipungua chini ya miligramu 5 kwa lita, samaki wengi hutaabika. Chini ya 2, hufa. Zaidi ya hapo kuna amonia itokanayo na protini, na majani ya tumboni yanayozama na kuwa tope lenye harufu ya mayai viza.

Mabwawa ya kutibu majitaka yanahitajika, lakini hulemewa upesi iwapo kila kitu kinasukumwa humo. Mnyama aning'inie dakika 6 au 7 juu ya mfereji wa damu tupu, wenye matundu mawili: moja la kwenda kwenye tangi la damu, jingine la kwenda kwenye majitaka. Wakati wa kuchinja, la majitaka lizibwe. Kazi ikiisha, damu iliyoganda ikwanguliwe hadi tangini, ndipo vizibo vibadilishwe na maji yafunguliwe. Kosa la kila siku ni kuanza na mpira wa maji. Matumbo nayo yafunguliwe bila maji, majani yabebwe kwa toroli hadi kwenye mboji au mtambo wa biogesi.

Katika mtego wa mafuta, yaani tangi ambamo mafuta huelea juu ili yakombwe, maji yakae angalau nusu saa, yakiwa yamepoa. Yakiingia ya moto, mafuta hupita yakiwa yameyeyuka na kuganda mbele, ndani ya bomba. Sabuni nyingi pia huyapitisha. Na mtego usiokombwa utando wake ni shimo tu. Wapo pia wanaomwaga klorini kwenye maji yenye damu. Ni hasara, kwani uchafu huimaliza kabla haijaua vimelea.

Wanaotoa leseni wadai daftari la kila siku lenye idadi ya ng'ombe waliochinjwa na lita za damu zilizoingia tangini. Wakichinjwa 40 na tangi likawa na lita 100, zisizopungua 300 zimekwenda na maji.

Mhandisi wa majitaka