Kwa vijana mnaopenda historia ya vita: ulizeni kila nishani ilipatikana wapi

Wajukuu zangu,

Nimefundisha historia miaka mingi kabla ya kustaafu, na sitaki kuwakatisha tamaa ninyi mliovutwa na habari za vita. Ombi langu ni moja. Mkisoma maisha ya afisa aliyejaa nishani kifuani, msiishie kwenye orodha ya nishani. Ulizeni kila moja ilipatikana wapi, na siku ile ni nani waliokuwa mbele ya mzinga.

Mchukueni Frederick Roberts, jenerali maarufu wa Uingereza. Alizaliwa Kanpur, India, mwaka 1832, mtoto wa ofisa wa jeshi la Kampuni ya India Mashariki, ile kampuni ya biashara ya Waingereza iliyoitawala India, naye akaingia kikosi cha mizinga cha Bengal. Tarehe 2 Januari 1858, huko Khudaganj, alimwokoa askari farasi wa Kihindi aliyekuwa anashambuliwa, kisha akawafuata maadui wawili na kuwapokonya bendera. Akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Ushujaa ule ni wa kweli, msiukane. Lakini vita ile ilikuwa sehemu ya uasi wa askari wa Kihindi dhidi ya Waingereza ulioanza 1857, na humo wafungwa walifungwa kwenye midomo ya mizinga na kulipuliwa mbele ya wenzao, na Roberts mwenyewe alimwandikia mama yake kwamba hicho ndicho kifo kilichowatia watu hofu kuliko vyote.

Hapa tulieni, maana wengi hupita mbio. Uasi ulipozimwa, Waingereza waliamua kwamba mizinga haitakaa tena mikononi mwa Wahindi, isipokuwa ile midogo ya milimani. Kikosi cha kwanza cha Wahindi cha mizinga ya uwandani kiliundwa mwaka 1935. Hesabuni wenyewe hiyo miaka. Wenye dola walijua vizuri ni silaha ipi iliyowaweka pale, na afisa wa mizinga alikuwa mtunzaji wake.

Mwaka 1868 Roberts alikuwa Zula, pwani ya Bahari ya Shamu, akishughulikia bandari ya jeshi la jenerali Mwingereza Napier lililokwenda Magdala, ngome ya Mfalme Tewodros wa Ethiopia. Mizinga mizito ilipandishwa milimani kwa tembo walioletwa kutoka India. Tewodros alijiua, na hazina za Magdala, pamoja na maandiko na vitu vitakatifu vya kanisa, zikachukuliwa. Waethiopia wanavidai hadi leo.

Halafu Afghanistan. Septemba 1879 mjumbe wa Uingereza, Cavagnari, aliuawa Kabul pamoja na walinzi wake. Roberts akauteka mji mwezi uliofuata, akasimamisha vitanzi vya kunyongea kwenye ngome ya Bala Hissar, palepale ulipokuwa ubalozi, na makumi ya Waafghani wakanyongwa. Hata Uingereza kwenyewe wapo waliolaani. Vitabu vingi huruka haraka hadi Agosti 1880, kwenye ule mwendo wa Kabul hadi Kandahar: askari wapatao 10,000, karibu kilomita 500 kwa wiki tatu, bila mizinga ya magurudumu, ila ile ya milimani iliyobebwa na nyumbu. Tarehe 1 Septemba akamshinda Ayub Khan, mwanamfalme wa Afghanistan. Ni kazi kubwa ya kijeshi, nami huwa naisoma kwa heshima. Waliokwenda walipewa nyota iliyotengenezwa kwa shaba ya mizinga iliyotekwa, na hata farasi wake, Vonolel, alivishwa. Katika safari ile walikuwamo pia maelfu ya wasiopigana: wapishi, wachunga wanyama, wabeba majeruhi. Jina la farasi tunalo. Majina ya hao nawaomba mwende mkayatafute.

Afrika Kusini, kwenye vita vya Waingereza na Makaburu, ndiko kunakonisumbua zaidi. Desemba 1899 mwanawe wa kiume pekee aliyekuwa hai, Freddy, alipigwa risasi katika mapigano ya Colenso akijaribu kuokoa mizinga isitekwe, akafa. Baba alipokea ukamanda wa majeshi ya Uingereza huko siku zilezile za msiba. Mimi ni mzazi, na sehemu hiyo siwezi kuisoma haraka. Lakini mzee huyohuyo mwenye majonzi ndiye aliyeamuru, mwaka 1900, mashamba ya Makaburu yachomwe moto. Kambi za kuwazuilia wanawake na watoto zilianza wakati wake, na Kitchener, kamanda aliyemfuata, akazipanua. Makaburu zaidi ya 26,000 walikufa humo, wengi wao watoto. Waafrika walikuwa na kambi zao, na vifo vyao havikuandikwa sawasawa. Vilivyoandikwa tu vinapita 14,000. Roberts alirudi nyumbani akapewa cheo cha ukabaila cha Earl, na Bunge likampa pauni 100,000.

Kumbukumbu zake za India alizichapisha mwaka 1897. Zisomeni zote, Kandahar na Kabul. Kisha someni Waafghani, Wahindi na Waafrika Kusini walivyoieleza miaka hiyohiyo. Mkikuta maelezo yanapingana, yawekeni yote mawili mbele ya wasikilizaji wenu, na msimalize mada bila kuwataja waliokufa kambini.

Babu yenu, mwalimu mstaafu wa historia