Barua ya wazi kwa wanangu mnaoingia zamu za usiku Mtwara na Lindi

Wanangu,

Assalamu alaykum, na Tumsifu Yesu Kristu.

Nawaandikia nyinyi mnaoingia usiku: makuli wa bandari ya Mtwara msimu wa korosho, mafundi wa gesi wa Madimba na Songo Songo, watu wa kiwanda cha saruji, wauguzi wa hospitali za Ligula na Sokoine, walinzi wa maghala, na madereva mnaoteremsha makaa ya mawe kutoka Ruvuma. Nimekuwa muuguzi mpaka kustaafu, miaka mingi nikiwa wodi ya wazazi, na wodi hiyo haina usiku wala mchana. Siku hizi mnanijia nyumbani mmoja mmoja. Huyu tumbo linamuunguza, huyu presha imepanda, huyu mkewe amerudi kwao Newala. Kila mmoja anadhani yamemkuta yeye tu. Nimeona niseme nanyi wote kwa pamoja, na watu wa nyumbani kwenu wasikie.

Usingizi wa mchana wa mtu aliyetoka zamu ni kazi ya nyumba nzima. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwili una saa yake ya ndani. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi waliyoifanya juu ya saa hiyo, wakiichunguza kwa inzi wadogo wa matunda. Saa hiyo hufuata mwanga. Ukitoka kazini saa moja asubuhi jua la huku kwetu likakupiga usoni, ubongo unajua kumekucha, hata kama miguu haikubebi. Unajilaza, saa sita macho yamefunguka, na usiku unaingia tena kazini ukiwa nusu mtu. Chakula nacho kina saa zake: sukari unayoila saa nane usiku mwili hauimudu kama ile ya mchana. Ndiyo maana waliokaa zamu za usiku miaka mingi huandamwa zaidi na kisukari cha ukubwani na magonjwa ya moyo. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliiweka kazi ya usiku kwenye kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani mwaka 2007, na mwaka 2019 likarudia hivyo hivyo. Sisemi haya ili mwache kazi. Meli ikifunga gati lazima ipakiwe, na mtoto akitaka kuzaliwa hasubiri kupambazuke.

Basi tuanze na chumba. Wengi mnaishi nyumba za kupanga, kuta hazifiki juu, dari hakuna, redio ya chumba cha pili unaisikia kama iko juu ya mto wako wa kulalia. Saa nne bati limeshawaka. Juzi nilikwenda kwa binti mmoja anayeishi Chikongola, mumewe kuli. Dirishani ametundika blanketi la kijivu, juu amelipigilia misumari, chini ameshonea vijiwe kwenye pindo ili upepo wa bahari usilifunue. Mlangoni ameweka kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa: BABA ALALA MPAKA SAA 8. Kinu amekihamishia uani kwa jirani. Watoto wanazunguka nyuma kwenda kucheza. Hana feni, ila sakafu anaimwagia maji kabla mumewe hajafika, na mkeka uko chini, si kitandani, kwa sababu chini kuna ubaridi. Yule bwana analala. Presha yake nimeipima mwenyewe, imetulia.

Sasa niulize: binti huyo naye angekuwa ndiye anayetoka usiku, nani angemtundikia blanketi?

Hapa ndipo panaponiuma. Muuguzi, mlinzi wa kike, msichana wa kiwandani, anafika nyumbani saa mbili asubuhi anakuta vyombo vya jana, ndoo tupu, mtoto hajaoga, na mume anauliza chai. Anafagia, anachota maji, anabandika sufuria, akija kulala ni saa saba, na saa kumi na moja jioni anajiandaa tena. Akisinzia anaitwa mvivu. Akiondoka magharibi na begi lake, majirani wanaulizana anakwenda wapi. Nawaambia waume waziwazi: mkeo akiingia usiku, chai ya asubuhi ni yako, na mtoto kumpeleka shule ni kwako. Na nyinyi wajomba, ambao kwenye nyumba za Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwera neno lenu huwa halipiti bure, msingoje ndoa ivunjike ndipo mkae kikao. Semeni mapema, na maneno ya majirani yazimeni nyinyi.

Ratiba ya zamu isikae kwenye simu yako peke yako. Iandike, ibandike jikoni, ili mama mkwe ajue lini asije na wageni, na mtoto ajue lini baba yuko ofu. Mtoto hahitaji uwe macho kutwa nzima. Chagua mlo mmoja kila siku mnaokula wote, uwe wa jioni kabla hujatoka, na usiuvunje. Mlo huo ndio uwe mkubwa, ugali na samaki, ushibe. Usiku kazini kula kidogo: ndizi, uji, korosho za kiganjani. Chipsi na soda za saa nane usiku ndizo zinazowachoma matumbo. Ukirudi asubuhi, kikombe cha uji kinatosha, ulale.

Enaji, vile vinywaji vya kufukuza usingizi, nazo zinanitisha. Kijana anakunywa chupa tatu usiku mmoja, asubuhi moyo unamwenda mbio, kisha anatafuta uraka, pombe ya mabibo, ili apate usingizi. Pombe itakulaza upesi, ni kweli, lakini usingizi wake ni wa kukatikakatika, na utaamka umechoka kuliko ulivyolala. Kahawa inywe mwanzoni mwa zamu. Ikishapita saa nane usiku iache, maana hukaa mwilini saa nyingi na itakungoja kitandani.

Saa mbaya kuliko zote ni kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri. Wodini, muda huo, kila dozi tuliisoma wawili kwa sauti kabla ya kuitoa. Anayepanda juu ya shehena, anayeshika vali, na hasa anayeshika usukani, ajue kwamba muda huo macho yanaweza kuwa wazi na akili imelala. Dakika ishirini za kujilaza wakati wa mapumziko zinasaidia sana, mkubaliane kupokezana. Na ukitoka zamu usiendeshe pikipiki mwenyewe mpaka Mikindani. Kaa nyuma, mlipe bodaboda.

Wenye dawa za kila siku, iwe za presha, sukari au nyingine, mwambieni daktari kwamba mnaingia usiku ili awapangie saa za kumeza. Wengi mnanyamaza, mnaruka dozi.

Na haki yenu mnayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Kati ya zamu na zamu, kwa kawaida, lazima upate saa 12 za kupumzika mfululizo, na kila wiki saa 24. Mjamzito haruhusiwi kupangiwa usiku miezi 2 kabla ya kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari, na mzazi naye miezi 2 baada ya kujifungua. Ambaye daktari amethibitisha kuwa afya yake haiwezi kazi ya usiku, mwajiri anatakiwa kumhamishia mchana pale inapowezekana. Kwa hiyo wenye mimba, chukueni vyeti mapema, msione haya. Na viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, vifungu hivi visomeni kwa sauti kwenye mkutano wenu ujao, na mdai ratiba itoke mapema, watu wapate kupanga maisha ya nyumbani.

Mwenye swali aje. Mimi nipo Mtwara, alasiri nakaa barazani.

Mama yenu,
muuguzi mstaafu