Kabla hujaanza CELTA: Kiingereza unakijua, ila unaweza kukieleza?

Meseji tunazopata karibu zote zinafanana. Mtu ameshapata nafasi kwenye kozi ya ualimu wa Kiingereza, iwe CELTA ya Cambridge au CertTESOL ya Trinity College London, amebakiza wiki tatu nne, anauliza asome nini. Wengi wanakuwa tayari wameshapakua mapidiefu kibao, wengine wanakata kadi za picha na kukusanya michezo ya darasani, na kuna mmoja alishaprinti na kuweka kwenye faili kabisa. Kazi yetu sisi ndo hiyo, kuandaa watu kabla ya kozi, kwa hiyo naomba niseme hapa kile ninachomwambia kila mteja kwenye simu ya kwanza: namna ya kuendesha somo utafundishwa hukohuko, wakufunzi wanalipwa kwa hilo. Kile ambacho hawatakuwa na muda nacho ni Kiingereza chenyewe, yaani kukifungua na kuona kinavyofanya kazi ndani, maana wanategemea utakuja umeshaanza.

Nikupe mfano halisi. Dada mmoja alikuja kwetu, Kiingereza chake kimenyooka, anaongea bila kukwama. Nikamwambia nichukulie mimi ni mwanafunzi wa ngazi ya chini, nifundishe neno moja tu, "borrow". Akaanza vizuri kabisa, kwamba ni pale "you temporarily take possession of something belonging to another person", mimi natingisha kichwa tu. Akaniuliza "Do you understand?" nikamjibu "Yes, teacher". Halafu nikamwambia "Teacher, please borrow me your pen". Akanyamaza kidogo, akacheka, akasema ngoja nirudie.

Sasa angalia kilichotokea. Mtu asiyejua "borrow" hawezi kujua "possession", kwa hiyo maelezo yalikuwa magumu kuliko neno lenyewe. Na lile swali la "Do you understand?" halipimi chochote, kila mwanafunzi duniani anajibu ndiyo. La tatu ndo tamu zaidi, kwamba kosa langu halikuwa la uzembe, lilikuwa na mantiki yake, maana kwa Kiswahili kuazima kunaenda pande zote mbili: mimi naazima kitabu kwako, na wewe unaniazima kitabu chako, kitenzi kilekile. Kiingereza kimegawa, anayepokea ana "borrow", anayetoa ana "lend". Ukilijua hilo kabla hujaingia darasani huhitaji maelezo marefu tena, unachukua kalamu ya mwanafunzi mmoja mbele ya wenzake, unaandika nayo kidogo, unauliza ni kalamu yangu? Ipo mkononi mwa nani sasa hivi? Nitairudisha? Majibu ni ya neno mojamoja tu na ukiyasikia unajua kama wamekamata au la. Maswali ya namna hiyo ya kuhakiki maana ndiyo utakayoandika kwenye kila andalio la somo mpaka uyaote usiku.

Yule dada tulikaa naye kwenye "borrow" karibu saa nzima na hakuna dakika iliyopotea.

Upande wa nyakati za vitenzi ndo kwenye shughuli. Watu wengi wamekariri kwamba "present perfect" ni ile -me- yetu, nimekula ni "I have eaten", basi imeisha. Haijaisha. Nimechoka je? Amevaa koti? Amelala? Kwa Kiingereza hizo zinakuwa "I'm tired", "she's wearing a coat", "he's asleep", maana -me- yetu inabeba pia hali iliyopo sasa hivi. Na upande wa pili, pale Mwingereza anaposema "I have lived here since 2015" sisi tunasema naishi hapa tangu 2015, ndo maana "I live here since 2015" inatutoka kirahisi hivyo. Chukua karatasi uandike "She lived in London for ten years" na chini yake "She has lived in London for ten years", halafu jiulize swali moja tu litakalotenganisha hizo mbili. Ni "Does she live there now?" Ukishaweza kutunga swali kama hilo kwa jozi kumi za sentensi bila kufungua kitabu, ujue uko vizuri kuliko mtu aliyesoma kurasa mia tatu za sarufi akiwa amelala kitandani.

Simaanishi utawafundisha kwa Kiswahili, darasa la mazoezi linaweza kuwa na watu wa lugha tano tofauti na wewe utaongea Kiingereza tu mwanzo mwisho. Hii ni kwa ajili yako, uone kwamba sheria ina sababu na kosa lina asili. Na hapa nataka niwatie moyo wale wanaoogopa kwamba hawakuzaliwa na Kiingereza. CELTA inataka kiwango cha juu, C1 au C2, yaani ngazi mbili za juu kabisa kwenye kipimo cha lugha cha Ulaya, haitaki cheti cha kuzaliwa. Wewe ulijifunza hii lugha kwa jasho, majina ya nyakati unayajua, ulishawahi kuchanganya "make" na "do" na unakumbuka ilikuwaje, wakati mtu aliyekua nayo tangu utotoni mara nyingi anajua tu kwamba sentensi haisikiki vizuri na hawezi kukwambia kwa nini.

Matamshi watu wanayasahau kabisa halafu yanawabana. Kiswahili kina irabu tano na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, ukishajua neno moja umejua karibu yote. Kiingereza cha Uingereza kinahesabiwa kuwa na sauti 44 hivi na 20 kati ya hizo ni za irabu, "ship" na "sheep" ni vitu viwili tofauti, na mkazo unahama, "record" ikiwa nomino unakaa mwanzo, ikiwa kitenzi unaenda mwisho. Jifunze zile alama za kifonetiki, yaani alama moja kwa kila sauti, polepole, dakika kumi na tano kwa siku, andika jina lako kwa alama hizo, andika vitu vilivyoko mezani kwako. Wiki mbili zinatosha kabisa kuzizoea.

Kuhusu kozi yenyewe, ujue unachoingia. CELTA ni angalau saa 120 za masomo, ndani yake kuna saa 6 za wewe kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi amekaa nyuma anaandika, saa 6 za kuangalia walimu wazoefu, na insha 4 za maneno 750 mpaka 1,000 kila moja. Mtihani wa mwisho hakuna, unapimwa njia nzima. Ukichukua ya kutwa ni wiki nne au tano tu, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe siku zinakuwaje, unarudi jioni unaandaa somo la kesho na insha bado. CertTESOL inaanzia saa 130, nayo ina saa 6 za kufundisha, ila wao wana kitu nakipenda sana, unafundishwa lugha usiyoijua kabisa ili uonje kukaa upande wa mwanafunzi. Siku hizi CELTA unaweza kuifanya yote mtandaoni, hapo laptopu na intaneti ya uhakika viandae mapema. Na ukikutana na vile vyeti vya mtandaoni vya saa 120 vya kubonyeza tu, uliza swali moja kabla hujalipa: nitafundisha watu halisi nikiangaliwa? Kama hakuna, hiyo ni kitu kingine, isikuchanganye kwa sababu ya namba kufanana.

Kwa hiyo kalenda isafishe. Mwambie anayekutegemea nyumbani kwamba kwa wiki hizo hupatikani, kazi za pembeni simamisha, usipange safari wala sherehe. Nimeona watu wazuri wakishindwa kumaliza si kwa sababu ya sarufi, ni kwa sababu walidhani wataunga na kazi.

Kitu kingine ambacho hakuna pidiefu litakuandaa nacho ni mrejesho. Ukimaliza kufundisha mnakaa wote, wenzako wanasema walichoona, mkufunzi anasema alichoona, na unapewa na maandishi. Somo langu la pili nililofundisha lilirudi na alama ya chini ya kiwango. Mkufunzi alikuwa amehesabu, kwenye dakika 40 mimi niliongea 29. Niliumia sana, nilikuwa nimepata usingizi wa saa nne tu kwa ajili ya lile somo. Lakini alikuwa sahihi, na somo lililofuata nilikata maelezo yote nikayafanya kuwa kazi ya wawili wawili, na nikapita. Ndo maana kwenye mazoezi yetu tunakurekodi unafundisha dakika kumi, halafu unaangalia mwenyewe kwanza kabla sisi hatujasema neno. Wengi hawapendi hiyo sehemu, na ndiyo wanayotushukuru nayo baadaye.

Mbali na hapo tunafanya intavyuu ya majaribio, tunapitia na wewe zoezi la kabla ya kozi, lile unalopewa ulifanye mwenyewe kabla hujaanza, na tunakaa kwenye sarufi na matamshi mpaka uweze kueleza bila kutafuta maneno. Kuna kitu hatufanyi, hata uombe vipi: hatukujazii fomu ya maombi wala hatukuandikii insha. Yale maswali ya lugha kwenye fomu watakurudishia kwenye intavyuu wakuulize uliyapataje, na insha iliyoandikwa na mtu mwingine inaweza kukuondoa kwenye kozi nzima.

Ukitaka tuanze, tutumie mambo mawili tu: tarehe kozi yako inapoanza, na zoezi la kabla ya kozi kama lilivyo sasa hivi, hata kama nusu yake iko tupu. Usilisafishe kwanza. Zile sehemu ulizoruka ndizo tutakazoanza nazo.