Kaka, Baba hakuwahi kutuachia mlango wa nyuma

Kaka,

Shikamoo. Hasira ninazo, lakini salamu yako siiruki. Mama angenifuata ndotoni.

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu na wewe ulisema mbele za watu. Pale Akheri mgombani, chini ya turubai, kipaza sauti mkononi, jeneza la Baba limefunikwa shuka jeupe, na wale wazee wa Kaloleni, mtaa wetu wa Arusha mjini, waliochangishana nauli wakakodi Kosta kuja kumzika mwenzao. Kukupigia simu kungekusahihisha wewe peke yako. Wale waliocheka wangebaki na kicheko chao.

Maana walicheka. Ulianza vizuri, hilo sikatai. Uliposema Baba alikuwa mkata tiketi wa sinema na kila mtoto wa mjini alimjua kwa tochi yake, nililia. Kisha ukalegeza shingo kama unavyofanya ukitaka kuchekesha, ukasema: "Na sisi wanawe hatukuwahi kulipa senti tano. Mzee alikuwa anatuachia mlango wa nyuma wazi, tunaingia sisi na nusu ya mtaa." Turubai zima likaangua kicheko. Mchungaji naye akacheka, akatikisa kichwa. Shangazi akanipiga kofi la paja, eti, jamani kaka yako!

Mimi nilikuwa namwangalia yule mzee aliyekaa nyuma karibu na masufuria, mwenye kofia ya sufi. Alifanya kazi na Baba palepale, akiendesha mashine kule juu. Yeye hakucheka. Aliinamisha kichwa akawa anachora chini na fimbo yake.

Kaka, mlango wa nyuma ulifunguliwa lini?

Nikukumbushe ilivyokuwa, maana naona ughaibuni umekupa kumbukumbu za mtu mwingine. Jumapili Baba alitutolea hela mfukoni mwake. Tulipanga foleni dirishani kama watoto wa watu, tukiwa na zile soksi za kwenda kanisani. Tukifika mlangoni aliichana tiketi, akaturudishia kipande, na wala hakututazama usoni. Siku moja nilimwita "Baba" pale mlangoni, akanijibu "Pita ndani, mtoto, unazuia watu." Nilinuna mpaka Jumatano. Mama akanieleza kwamba pale mlangoni yeye si baba wa mtu.

Ndani ya ukumbi alisimama nyuma kabisa na tochi yake ya betri tatu, ameielekeza sakafuni. Mtu akichelewa, alimmulikia pale anapokanyaga, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kiti. Kumulika mtu usoni kwake lilikuwa kosa kubwa. Yeye ndiye aliyenionyesha kile kidoti kinachotokea kule juu kwenye kona ya kulia ya picha, ukipepesa jicho umekikosa. Mkanda mmoja unakwenda kama dakika 20 hivi, kwa hiyo juu kuna mashine mbili, na kidoti ni ishara kwa fundi kwamba huu unaisha, washa ule mwingine. Fundi akisinzia, ukumbi mzima unapiga miluzi. Mpaka leo nikiona picha ya zamani kwenye runinga nakitafuta kile kidoti. Wanangu wananiona nimechanganyikiwa.

Na wewe je? Wewe ulikuwa sinema yangu ya pili. Nilipokatazwa picha za usiku, ulirudi ukakaa ukingoni mwa kitanda ukanisimulia yote, jambazi kwa sauti ya puani, mama wa stelingi akilia huku amejifunika shuka letu kichwani. Kihindi hukujua hata neno moja lakini ulinitafsiria kila kitu, mpaka nyimbo. Nikikuuliza, sasa stelingi atakufa? Unanijibu, stelingi hafi, lala wewe. (Nilikuja kugundua ukubwani kwamba Amitabh Bachchan anakufa kwenye picha zake kibao. Hukutaka nilie. Hilo nalo nimelihifadhi.)

Kwa hiyo usiseme nimesahau mazuri. Nakumbuka vyote, na ndiyo shida yenyewe.

Nakumbuka ile Jumapili ya picha ya saa kumi na mbili. Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, alikuwa ameshaingia madarakani, maana redio ya jirani haikuzima kwa hotuba. Kabati la pale dirishani kufuli lake lilikuwa limeharibika, na Jumamosi jioni meneja, kwa kumwamini Baba, alimkabidhi kitabu cha tiketi za Jumatatu akae nacho. Baba alikiweka kwenye koti la kazi, lile la rangi ya damu ya mzee, na koti likawa kwenye msumari nyuma ya mlango wetu. Unaujua ule msumari.

Mama alinituma nimpelekee Baba wali na maharage, bakuli limefungwa kitambaa. Nilifika nikakuta taa za ukumbi zimewashwa katikati ya picha na watu wanatukanana. Kila kiti kina wenyewe wawili, wote na tiketi halali, namba ileile, na baba mmoja wa Kihindi na mkewe wamesimama kwenye njia wakiwa na watoto wao wamevaa vizuri, hawana pa kukaa. Ulilangua tiketi za Jumatatu Jumapili, Kaka. Pale kona ya duka la vitambaa, kwa bei mara mbili.

Meneja akamtoa Baba nje pale mbele, penye mabango. Akamwambia avue koti. Baba akavua. Akamwambia atoe vilivyomo mifukoni, na Baba akavipanga kimoja kimoja juu ya meza ndogo ya mkata tiketi: leso, betri moja iliyokwisha, kopo la ugoro, na kipande cha sabuni ya kufulia kilichofungwa kwenye gazeti. Kile alikipangia foleni asubuhi yote kwenye duka la ushirika. Watu wakasogea kuangalia. Mtu mmoja akasema kwa sauti, kumbe na sabuni anaiba. Baba akaikunja tena ile karatasi ya gazeti taratibu, kona zikakaa sawa.

Nawe ulikuwa umesimama chini ya bango, hatua chache tu kutoka pale. Hela zilikuwa kwenye soksi, niliona jinsi kifundo cha mguu kilivyotuna. Ukaniona nimeshika bakuli. Ukanikonyeza.

Ungekimbia ningeelewa, ulikuwa na miaka 16, ulikuwa na hofu. Ungelia, ungejifanya hunijui, vyote ningevielewa. Lakini ulinikonyeza jicho kama tuko pamoja, kama ni ile michezo yetu ya kuiba sukari. Na mimi nikanyamaza na bakuli langu. Nilikuwa na miaka 11, na wewe ndiye uliyenisimulia kwamba stelingi hafi.

Baba alijua. Alijua tangu alipoingiza mkono kwenye lile koti akakuta mfuko mtupu, maana koti lilikaa usiku kucha nyumbani kwake. Angeweza kusema neno moja tu. Alisema, "Nilikabidhiwa mimi," basi. Koti likabaki, tochi akaondoka nayo kwa kuwa aliinunua kwa hela yake. Wali tuliula njiani, mimi na yeye, tumekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa. Wiki iliyofuata wewe ukavaa raba mpya nyeupe, Mama akauliza umezitoa wapi, na Baba, kabla hujajibu, akasema, "Mwache."

Ukaenda bweni. Hukuuona mwaka uliofuata, Kaka. Hukumwona akilinda ghala la mahindi kule Unga Limited na tochi ileile, akirudi alfajiri amejaa vumbi la pumba, akipita mbali na ile barabara ya sinema asikutane na watu. Maandazi tuliyouza mimi na Mama stendi ndogo hukuyaona pia, ingawa uliyala sana ukija likizo.

Sasa utaelewa kwa nini kile kicheko kiliniunguza. Ile Jumapili watu waliamini Baba ni mwizi kwa sababu ulinyamaza. Ukakaa miaka yote hiyo, ukarudi na suti, ukasimama juu ya jeneza lake ukawathibitishia. Mlango wa nyuma! Wale wazee wa Kaloleni waliompigania, waliosema yule hawezi, wakarudi kwenye Kosta yao wakijua kwamba kumbe meneja alikuwa sahihi.

Na ule uongo wako wa pale mazishini, eti Baba aliigiza na John Wayne, yule mwigizaji wa Kimarekani, nao ulikuwa wa nini? Baba alisema alimwona John Wayne mjini wakati wale Wamarekani wanapiga picha yao ya Hatari! kule Momella, ile iliyotoka 1962. Alimwona tu, akinunua sigara au akishuka kwenye gari, ilitegemea siku anayosimulia. Hakuigiza, wala hakumfukuza kifaru. Mtu akiwa amekufa haongezewi chumvi kama mchuzi.

Halafu siku mbili baada ya mazishi, picha kwenye kundi la familia: wewe na wanao mmesimama mbele ya sinema yetu, mlango wa chuma umeshushwa, kutu imetambaa mpaka kwenye herufi, mbele yake kijana anauza kava za simu. Ukaandika kwamba watu wa Arusha hatuthamini vya kwetu. Sisi? Wewe hukuwepo. Tangu 1984 serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao, deki za video zikaanza kuingia majumbani, na mikanda nayo ikafuata. Banda umiza, vile vibanda vya kuonyesha video, zikaota kila uchochoro wa Ngarenaro na Majengo, benchi za mbao, joto, mtu anatafsiri kwa kipaza sauti, kiingilio kidogo kuliko nauli ya kwenda mjini. Mwaka 1994 ITV ikaanza kurusha matangazo, picha ikakufuata sebuleni. Ukumbi wa mamia ya viti utaujaza na nani? Watu waliokuwa wanaupenda walikuwa na watoto wa kulisha. Mimi mmoja wao.

Basi mdogo wako nikushauri, ingawa dunia imepinduka. Ukija kwenye arobaini, waombe wazee dakika mbili. Useme kitabu cha tiketi nilichukua mimi. Usipambe wala usichekeshe. Wanao wawepo, maana wale watoto wameondoka hapa wakijua babu yao alikuwa mjanja wa mjini, na babu yao hakuwa mjanja hata chembe.

Usianze kuniambia kwamba nami nilinyamaza miaka yote. Ningesema kwa nani? Baba alisema "Mwache," na neno la Baba ndani ya ile nyumba lilikuwa limekwisha. Akiwa hai siri ilikuwa yake. Sasa amelala, na kati ya walioona nimebaki mimi na yule mzee wa kofia.

Shangazi ananiambia unalalamika kwamba sikukusindikiza uwanja wa ndege. Nilikuwa na mgeni. Unalalamika pia kwamba nimebadilisha kufuli la nyumba ya Kaloleni ili usiingie. Lile kufuli lilikuwa bovu tangu masika, muulize fundi. Na kundi la familia nilitoka kwa sababu simu yangu ilijaa. Hela ulizotuma wakati Baba amelazwa nilizipokea zote, risiti ninazo kwenye bahasha, na nilikushukuru wakati ule na nakushukuru tena leo. Lakini usizitaje kila tukizungumza. Mimi nilimgeuza ubavu kila usiku, sijakutumia risiti.

Tochi. Umemtuma Shangazi mara ya pili kuiulizia, eti wewe ndiye mtoto wa kiume, ukaiweke kwenye kabati la kioo sebuleni kwako. Tochi ninayo mimi. Swichi yake imelegea, lazima uibane na kidole gumba ndipo iwake, na mimi ndiye niliyefundishwa namna ya kuibana. Nikikupa, wageni wako watauliza hii ni ya nini, na wewe utawajibu nini?

Wazee nimeshaongea nao, wamekubali wakupe nafasi baada ya sala, kabla ya chakula. Yule wa kofia nitamleta mimi mwenyewe kwa bajaji, akae mbele. Nijibu kabla ya Ijumaa kama unakuja, nijue idadi ya viti.

Mdogo wako.